Mguu Mmoja Juu ya Bamba

Asubuhi ile shoka lilimaliza kufuliwa kabla Chaki hajamaliza kunyoa ndevu, na jambo hilo peke yake lilitosha kumharibia siku.

Alikuwa amesimama uani mbele ya kipande cha kioo kilichotundikwa kwenye msumari, povu la sabuni shavuni, masikio yake yakiwa ng'ambo ya ukuta wa mabati ambako mdogo wake alikuwa akifua. Nyundo ya mdogo wake haikuwa na papara. Mapigo matatu mazito, moja jepesi la kupumzisha mkono juu ya fuawe, kisha matatu tena. Baadaye kimya. Halafu ikaja ile sauti ya chuma cha moto kikizama kwenye pipa la mafuta, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Halafu mama yao akacheka.

Mama hakuwa mtu wa kucheka kabla ya chai.

"Njooni muone!" alipaza sauti kutoka karakana. "Hata kama mna sufuria jikoni, iacheni iungue!"

Mke wa Chaki akaiacha kweli. Akapita mbio akijifuta mikono kwenye kanga, binti yao nyuma yake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Huji?" mke aliuliza bila kusimama.

"Nitaliona tu. Shoka halina miguu."

Wembe ukamchanja chini ya kidevu. Akabaki pale akiizuia damu kwa kidole, akisikiliza sauti za watu wake wakimsifu mtu mwingine.

Mtaani kote mdogo wake aliitwa Fundi, kana kwamba fundi mwingine hakuwahi kuzaliwa. Yeye aliitwa Chaki. Marehemu baba yao, katika mwaka wake wa mwisho, aliwasimamisha mbele ya tanuri akasema, "Mdogo nampa mikono, mkubwa nampa macho." Tangu siku hiyo mdogo alifua na mkubwa alikagua, na shoka lisilo na alama ya chaki ya mkubwa halikutoka mlangoni. Baba aliyasema yale kwa mapenzi. Lakini Chaki alikuwa ameshapiga nyundo miaka kumi na minne wakati huo, na jioni ile alipoitazama mikono yake aliiona kama vitu vilivyorudishwa dukani. Mikono husifiwa. Nani amewahi kupanda basi kuja kumpongeza mtu kwa shoka alilolikataa?

Na shoka la asubuhi hii halikuwa shoka la kawaida. Lilikuwa shoka la mfano. Siku tano nyuma msimamizi wa kampuni ya wakata miti, mwanamke wa maneno machache na buti kubwa, alipita karakana, akamkuta mama peke yake, akasema anataka mashoka thelathini ya kufuliwa kwa mkono. Yale ya dukani alikuwa ameyachoka. Mwaka uliopita moja lilipasuka likimwacha kijana wake na jicho moja, na yeye ndiye aliyempeleka yule kijana kwa mama yake. "Nifulieni moja kwanza," alisema. "Nikiliamini hilo, nitayaamini yote." Karakana ilikuwa mwezi wa tatu ikiishi kwa bawaba za milango, majembe ya kunolewa na shoka moja moja la jirani. Mkaa uliobaki ulikuwa wa wiki moja. Kila mtu nyumbani alijua kwamba shoka lile likikataliwa, Fundi angekwenda kuomba kibarua kwenye kiwanda cha misumari, na tanuri la baba lingezimwa.

*

Mchana, wakati wa kula, binti alileta mchoro wake. Alikuwa ameuchora nyuma ya kalenda ya zamani.

"Hii karakana," alieleza, kidole juu ya karatasi. "Huyu bibi anazungusha feni ya moto. Huyu baba mdogo. Hili shoka la baba mdogo. Hizi cheche."

Fundi alikuwa mrefu kuliko mlango, na cheche zake zilijaza anga.

"Na mimi?" Chaki aliuliza.

"Wewe huyu hapa."

Kwenye ukingo kabisa wa karatasi palikuwa na mkono umeshika chaki. Mkono tu, umekatika kwenye kiwiko.

"Karatasi iliisha," binti alisema kwa upole.

Fundi akacheka mpaka maji yakampalia. "Usijali, kaka! Mimi nimechorwa bila shingo!" Wote wakacheka, na Chaki naye akaonyesha meno.

Baada ya kula alilichukua shoka mpaka kwenye meza yake chini ya dirisha. Fundi alikuwa ameshalirudisha kwenye moto mdogo, akalilegeza kidogo ili lisiwe kavu la kuvunjika kama kioo, akalinoa. Halikuwa na mpini bado. Chaki alilitundika kwa kamba kupitia tundu la mpini, akaligonga kwa nyundo ndogo. Likalia. Lililia kwa muda mrefu, sauti moja safi isiyotetemeka, na yeye akasimama pale akitamani likohoe.

Alipitisha kidole gumba kwenye mashavu ya shoka, kwenye kisogo, kuzunguka tundu. Hakuna alama ya nyundo. Hakuna mahali palipokuwa pembamba kupita pengine. Alilipaka mafuta ya taa, akalifuta mpaka likakauka, akalinyunyizia unga wa chaki, kisha akasubiri. Kama kuna mahali chuma kimefunguka, mafuta yaliyojificha humo hutoka polepole na kujichora kwenye unga. Kwa kawaida alisubiri kwa kumeza kikombe kimoja cha chai. Safari hii alisubiri viwili.

Akauona. Shavu la kulia, karibu na tundu la mpini, mstari mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha. Ulijitokeza taratibu, wa kijivu juu ya weupe.

Moyo wake uliruka. Baadaye, alipokumbuka saa ile, kilichomwumiza zaidi ni kwamba uliruka kwa furaha.

Kuna kovu na kuna ufa. Baba aliwafundisha hivyo. Kovu ni ngozi ya chuma iliyojikunja chini ya nyundo ikalala. Haina kina, inaudhi macho tu. Ufa unaingia ndani, na ukiwa pale karibu na tundu, mahali shoka linapobeba uzito wote wa pigo, siku moja utafunguka na kipande kitaruka. Mlio mzuri hauondoi shaka, kwa sababu ufa mdogo unajua kunyamaza. Na mafuta huvichora vyote viwili sawasawa. Kinachovitenganisha ni tupa. Unapiga tupa mara ishirini, thelathini, chuma kinapungua kwa unene wa karatasi. Kovu linafutika, ufa unabaki pale pale ukikutazama.

Tupa ilikuwa upande wa mkono wake wa kushoto, juu ya meza.

"Lipoje?" Mkewe alikuwa mlangoni na birika.

"Bado."

"Bado nini? Umekaa nalo tangu tule." Akasogea, akatazama bila kujua atazame wapi. "Baba watoto, nikwambie kitu, usikasirike?"

"Ukianza hivyo nimeshakasirika."

"Mwezi uliopita ulimkatalia shemeji mashoka matatu."

"Yalikuwa na kasoro."

"Kasoro gani? Moja ulisema limekaa kama lina majivuno."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema. Mama alisikia, na mpaka leo analiita Mheshimiwa." Hakucheka. "Shemeji aliyarudisha yote motoni akafua upya, hakusema neno. Lakini watu wana macho. Kisimani wananiuliza, mumeo ana nini na mdogo wake? Sasa ukilikataa na hili, hata kama lina ufa wa kupitisha mbuzi, watasema ni wivu. Na mimi nitakaa kimya, maana sitajua niwajibu nini."

"Unataka nipitishe tu?"

"Nimesema hivyo mimi? Nataka ulikague kwa macho, si kwa nyongo." Akamwachia birika, akaondoka.

Chaki alibaki na mstari wake. Kulipiga tupa kungemaliza maneno. Lakini mstari ukifutika, atakuwa amepoteza kitu pekee alichokipata dhidi ya mdogo wake. Usipofutika, atakwenda mbele ya mama na kusema *ufa*, na wote watamtazama vile, kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyemeza sukari na chembe zimebaki mdomoni. Moyoni alikuwa ameshaamua kwamba ni ufa. Aliuamini ule ufa kwa nguvu zote, na pembeni ya imani hiyo likaja wazo lingine, dogo, lenye sauti ya upole: *Wanataka lipite. Basi lipite. Kesho mbele ya mteja tutaona mikono ya nani ni mikono.*

Alichukua kitambaa akafuta unga. Mstari ukapotea. Akachora alama yake kwenye kisogo cha shoka, mviringo wenye nukta katikati, kama jicho.

Alijua vizuri maana ya alama ile. Baba aliacha sheria moja tu katika karakana. Anayetia alama ndiye anayepiga mapigo kumi ya kwanza kwenye gogo la mafundo, na aliyelifua shoka husimama juu ya bamba la chuma lililofukiwa hatua sita mbele ya gogo, mahali hasa ambapo kipande kingerukia. "Hapo," baba alikuwa akisema, "mfuaji hatafua kwa haraka, na mkaguzi hatakagua kwa usingizi."

Baba hakuwa na sheria ya mkaguzi aliye macho, anayeona na kuficha.

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, Fundi aliingiza mpini na kupigilia kabari. Kila baada ya pigo aligeuza shoka na kuitazama alama ya chaki.

"Hakuna hata neno, kaka?"

"Neno gani?"

"Huwa unanipa neno. Hapa umeharakisha, hapa ulikuwa unawaza wasichana. Leo hakuna?"

"Lipo sawa."

"Mama!" Fundi alipiga kelele. "Kaka amesema lipo sawa! Tuandike tarehe!"

"Nitaiandika ukutani kwa mkaa," mama alijibu kutoka kwenye feni, alikokuwa akifagia majivu. "Nitaandika na saa."

Fundi akainama juu ya kabari, akashusha sauti. "Kweli, kaka, mimi simwogopi yule mama mteja. Nilikuwa naliogopa jicho lako."

Maneno mema yakimfikia mtu mwenye wivu hugeuka njiani. Chaki aliyasikia kama majivuno yaliyovaa nguo za unyenyekevu. *Mgema akisifiwa*, alijisemea, akaenda kunawa. Lakini alipokuwa akinawa alijiahidi: kesho, kabla Fundi hajasimama juu ya bamba, nitasema.

*

Msimamizi alifika saa nne asubuhi na pikipiki. Akamwendea Fundi moja kwa moja, mkono mbele.

"Wewe ndiye fundi? Sifa zako zimenifikia mpaka kambini." Akageuka. "Kijana, nisogezee hilo gogo nione mafundo yake."

Kijana alikuwa Chaki, mwenye miaka arobaini na moja.

"Huyo ndiye mkubwa," mama alisema. "Ndiye mkaguzi."

"Oh. Samahani, mzee."

Kutoka kijana mpaka mzee kwa pumzi moja, na katikati hapakuwa na mtu. Chaki akasogeza gogo.

Alikuwa amejiahidi kusema. Alisubiri nafasi. Lakini msimamizi alikuwa analigeuza shoka mikononi akilisifu, uzito wake, jinsi mpini ulivyokaa, na Fundi alikuwa anaangalia chini kwa haya kama bwana harusi, na mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha kwenda kwenye mikutano. Kila sifa ilikuwa tone la maji kwenye mafuta ya moto. Nafasi zikapita moja baada ya nyingine, na yeye akiziangalia zikipita.

"Haya, tuone," msimamizi alisema, akajitenga pembeni na kukunja mikono. "Nimeambiwa mna utaratibu wenu."

Fundi akaenda kwenye bamba. Lilikuwa limechakaa katikati, kwa miguu ya baba na ya baba yake baba. Akasimama juu yake, miguu yote miwili, mikono nyuma, kidevu juu, kama mtoto wa shule anayengoja kupigwa picha. Tena akakonyeza jicho.

Chaki akashika mpini. Ulikuwa mwepesi, mzuri, ukijaa mkononi. Akanyanyua shoka juu ya bega, na lilipofika kule juu kabisa, mahali ambapo mikono yenyewe huanza kutaka kushuka, alimwona mdogo wake kwa urefu wake wote: kovu la kuungua kwenye mkono, kifungo kimoja cha shati kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Uzi ule alikuwa ameushona Chaki mwenyewe, siku ya mazishi ya baba, kwa sababu mdogo wake alikuwa hawezi kuona sindano kwa machozi.

Alitaka shoka liaibike. Hakuwahi kufikiri, mpaka sekunde ile, kwamba shoka haliwezi kuaibika bila kumpiga mtu.

Akalishusha taratibu, akaliegemeza kwenye gogo.

"Toka hapo," alisema.

"Nini?"

"Toka juu ya bamba. Shoka lina mstari. Karibu na tundu, shavu la kulia."

Mkewe, aliyekuwa kwenye mlango wa uani, alifumba macho. Mama aliachia mpini wa feni.

"Lina mstari," msimamizi alirudia. "Na alama hii nani kaitia? Mjomba wangu?"

"Mimi."

"Jana unalipitisha, leo mbele yangu unalikataa." Akawatazama ndugu wawili kwa zamu, kama mtu aliyesimamia wanaume miaka mingi na kuona mengi. "Mimi nina vijana sitini kule kambini, najua jambo hili lina harufu gani. Mwenye wivu ajinyonge, mzee, lakini asijinyonge saa za kazi."

Fundi hakucheka. Aliondoka kwenye bamba, akaja, akalichukua shoka akaligeuza kwenye mwanga. "Wapi, kaka?"

Chaki akaleta mafuta ya taa, kitambaa na unga. Wakasubiri wote, wameinama juu ya chuma kama watu wanaosoma barua moja. Mstari ukajitokeza, mwembamba, wa kijivu.

"Ni kweli," Fundi alisema. Uso wake ulibadilika. "Mama, ni kweli. Upo."

"Kovu au ufa?" mama aliuliza.

"Tupa," Fundi alisema, na akamkabidhi kaka yake.

Chaki alilibana shoka kwenye jiliwa, akaanza. Sauti ya tupa ilijaza karakana. Kumi. Akafuta, mstari upo. Kumi na tano. Upo, mweusi zaidi sasa, chuma kipya kikimeta pande zote mbili. Jasho likamwingia machoni. Alishangaa kugundua kwamba alikuwa anauombea ufutike. Ishirini na mbili. Akapaka mafuta, akafuta, akanyunyiza unga, wakasubiri. Nusu ya mstari ilikuwa imekwenda. Thelathini. Akapaka tena, akafuta tena.

Unga ulibaki mweupe. Wakasubiri. Mama akahesabu kwa sauti mpaka mia moja, na unga ukabaki mweupe.

"Kovu," Fundi alisema, akaachia pumzi kwa nguvu.

Msimamizi akacheka kifupi. "Si nilisema? Hakuna kitu. Ilikuwa wivu tu."

"Hapana, mama," Fundi alisema. Aliongea kwa adabu, lakini alikuwa amesimama mbele ya kaka yake, na mabega yake yalikuwa mapana. "Usiseme hivyo hapa. Kaka yangu hana wivu. Wewe umemwona wapi mkaguzi anayeweza kushusha shoka mbele ya mteja, akakubali kuchekwa, kwa ajili ya mstari mwembamba kama unywele? Mimi nafua. Nikifua vibaya, hili jicho ndilo linaloniambia. Unalitaka shoka langu? Basi jua umelinunua jicho lake."

Msimamizi alimtazama Chaki upya, kwa muda mrefu, kuanzia viatu.

"Sawa," alisema. "Nimekosea. Yule kijana wangu angepata mtu kama huyu, angekuwa na macho mawili leo. Nataka thelathini, na nataka kila moja liwe na alama yako, mzee."

Miaka yote Chaki alikuwa ameingojea siku hii. Aliwahi kuiwaza mpaka nguo atakazokuwa amevaa. Sasa imekuja, mama yake akimtazama, mkewe amefumbua macho, na sifa ikamwingia mwilini kama maji ya uvuguvugu kwa mtu aliyetoka kwenye baridi. Angeweza kunyamaza. Kilichotakiwa kilikuwa kunyamaza tu, na yeye alikuwa na kipaji hicho.

Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa akitabasamu kwa ajili yake.

"Niliuona jana," Chaki alisema.

"Uliona nini?"

"Mstari. Jana mchana, mezani. Tupa ilikuwa pale. Sikuipiga. Nilisema moyoni ni ufa, nikaamini ni ufa, nikafuta unga, nikatia alama."



"Uliamini ni ufa," Fundi alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na leo ukalinyanyua."

"Nikalinyanyua."

"Mimi nikiwa pale."

"Ukiwa pale. Huyu mteja alisema kweli tangu mwanzo. Ni wivu. Wewe ndiye unayesema uongo hapa, mdogo wangu, na hujui."

Fundi aliangalia bamba, akaangalia gogo, kama anayepima umbali kati yao. Uso wake ulikuwa umeishiwa rangi. Akatoka nje, wakasikia maji yakimwagika kwenye ndoo uani. Alikaa huko muda.

Mama alikuwa wa kwanza kusema. "Baba yako alikupa macho," alimwambia mwanawe mkubwa, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilimwambia wakati ule, huyu mtoto anapenda nyundo. Akasema atazoea. Hukuzoea, na hukusema."

"Sikusema, mama."

Msimamizi alivaa kofia yake ya pikipiki, akaivua tena. "Mimi sikuja kusuluhisha ndugu," alisema. "Nimekuja kutafuta mashoka. Hili ni zima au si zima?"

"Ni zima," alijibu Fundi kutoka mlangoni. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na shingoni. "Ni zima, na halijapigwa. Sheria ni mapigo kumi."

"Nani atapiga?"

"Aliyetia alama."

Chaki akachukua kitambaa. Alifuta alama ya jana mpaka chuma kikabaki kitupu. Alilitundika shoka tena pamoja na mpini wake, akaligonga, wakalisikiliza likilia. Alipaka mafuta ya taa, mashavu yote mawili, tundu lote, kisogo, makali. Akafuta, akanyunyiza, akasubiri. Hakunywa chai. Alimwita mkewe, akamwita mama, akamwita msimamizi, kila mmoja akatazama kwa macho yake. Ndipo akachora mviringo, na nukta katikati.

Fundi akaenda kwenye bamba.

Chaki alinyanyua shoka juu ya bega, na kutoka kule juu aliona. Mdogo wake alikuwa amesimama, kifua mbele, kidevu juu kama mwanzo. Lakini mguu mmoja tu ndio uliokuwa juu ya bamba. Wa pili ulikuwa pembeni, udongoni, kisigino kimeinuka kidogo, kama mguu wa mtu anayejua njia ya kukimbilia.

Macho yao yakakutana. Fundi alijua kwamba kaka yake ameuona. Hakuuondoa.

"Piga, kaka," alisema.

Chaki akapiga. Fundo la kwanza lilipasuka, vipande vya mti vikaruka kama kuku waliofukuzwa. Mama akahesabu. Mbili. Tatu. Chuma kiliingia na kutoka bila kulalamika. Kumi ilipofika mikono ilikuwa inamwaka, na shoka lilikuwa kama lilivyokuwa, ila alama ya chaki ilikuwa imefifia kwa mtikisiko.

Msimamizi alipitisha kidole kwenye makali. "Nianze na kumi," alisema. "Si thelathini. Hayo kumi, tupa ipigwe mbele ya macho mawili mengine, na wewe mama uwepo. Yakipita, tutazungumza habari ya ishirini." Akalifunga shoka kwenye gunia, akaliweka kwenye pikipiki, na safari hii alipoaga alianza na mama.

Mkaa wa wiki moja ungetosha mashoka manne, labda matano kama mama angezungusha feni kwa uchoyo. Mke wa Chaki alikwenda kutazama gunia la mkaa wa akiba chini ya kitanda. Binti alikuwa amerudi na kalenda yake, akakaa kwenye kizingiti akichora upande mwingine wa karatasi, ambako nafasi ilikuwa bado nyingi.

Fundi alikuwa amesharudi kwenye tanuri. Hakumtazama kaka yake. Alichokonoa makaa, akaweka kipande kipya cha chuma katikati ya moto, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nishikie koleo," alisema.

Chaki akalishika. Chuma kikaanza kuwa chekundu. Pale nje, jua lilikuwa linaliangukia bamba, na kando yake, kwenye udongo laini, palikuwa na alama ya mguu mmoja. Chaki aliitazama kwa jicho alilopewa na baba. Mashoka tisa yalikuwa bado baada ya hili. Hakuomba mguu ule urudi juu ya bamba leo, wala kwa shoka la pili. Alishika koleo kwa mikono miwili, imara, akakisogeza chuma pale mdogo wake alipokitaka.